Kuendesha baiskeli msitu wa Rau, Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali tunayoulizwa sana na wanaotaka kuendesha baiskeli kwenye njia za udongo na changarawe za msitu wa Rau na mashamba ya mpunga ya jirani. Wengine ni wa Moshi humu humu, wengine wanatoka Arusha kwa siku moja, wengine ni wageni waliobakiwa na siku kabla ya kupanda mlima Kilimanjaro. Kama huna muda wa kusoma yote, soma jibu la upepo wa tairi na jibu la matope. Mengine utayajua ukifika.

Msitu wa Rau uko wapi, na ni mkubwa kiasi gani?

Uko kusini mashariki mwa mji wa Moshi, kama kilomita 3 kutoka katikati ya mji. Ukitoka Mnara wa Saa ukashuka kuelekea Njoro, miguu haijapata moto vizuri, lami imeshaisha. Msitu wenyewe una takriban hekta 570, kwa hiyo si wa kupotelea siku nzima. Ndiyo maana wengi wanauunganisha na barabara za mashamba ya mpunga huko chini, wanapata mzunguko wa nusu siku bila kurudia njia ile ile.

Kweli hakuna magari kabisa?

Ndani ya msitu, hakuna. Njia ni za miguu na baiskeli, na kuna sehemu usukani mpana unagusa majani pande zote mbili. Bodaboda mmoja mmoja hujipenyeza, lakini unamsikia akiwa bado mbali.

Ukishatoka kwenye miti na kuingia mashambani, mambo yanabadilika. Huko kuna pawatila (trekta dogo la magurudumu mawili), kuna trekta, na msimu wa mavuno kuna Fuso zinazobeba mpunga. Barabara nyingi zimepita juu ya tuta: mfereji upande huu, majaruba upande ule. Pawatila lenye tela la magunia likija, usitegemee dereva akukwepe, maana hana pa kwenda. Shuka, egemeza baiskeli ukingoni, salimia, mwache apite. Ukishapishana naye, utakaa kipindi kirefu usisikie injini yoyote, na hicho ndicho kilichokuleta.

Mbona Rau kuna maji mwaka mzima wakati mjini ni vumbi tupu?

Maji yanatoka mlimani, ila hayaji kwa mto peke yake. Kwenye ukanda wa msitu wa Kilimanjaro, upande wa kusini, hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Moshi mjini hapafiki hata nusu ya hapo. Sehemu ya mvua hiyo ya juu huzama kwenye mwamba wa volkano uliojaa nyufa, hutambaa chini kwa chini, kisha huibuka pale mteremko unapoishia na tambarare inapoanza. Hizo ndizo chemchemi za Njoro, za Shiri, na za Miwaleni kule Kahe. Msitu wa Rau umeota juu ya maji hayo. Hayako mbali na uso wa ardhi, na mizizi inayafikia hata Februari, jua la Moshi linapokuwa kali kuliko wakati wowote.

Mpunga nao unakunywa humo humo. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japani, unachukua maji ya mito ya Rau na Njoro na kuyapeleka kwa mifereji hadi Mabogini, Rau ya Kati na Chekereni. Barabara za changarawe utakazopita huko ni za kuhudumia mifereji na mashamba. Sisi tunazitumia kwa hisani tu.

Kwa mwenye baiskeli, haya yote yana matokeo mawili. Kwanza, kuna mabwawa madogo njiani ambayo hayakauki hata kiangazi, kwa hiyo usimlaumu aliyekwambia njia ni kavu. Pili, mto unaweza kuwa umejaa kwa mvua iliyonyesha mlimani huku mjini watu wanaanika nguo. Kabla ya kuvuka popote, tazama rangi ya maji. Yakiwa ya kahawia na yana majani makavu yanayoelea, mlima umenyeshewa. Subiri au geuza.

Baiskeli ya changarawe ni ipi hasa? Mimi nina Phoenix ya mzee.

Baiskeli inayouzwa kwa jina hilo ina usukani uliopinda kama wa baiskeli ya mbio, tairi pana zaidi (mara nyingi kati ya milimita 35 na 50), gia nyepesi kwa ajili ya vilima, na breki za diski. Imepata umaarufu mkubwa miaka hii. Hata jirani zetu Kenya wana mashindano yake ya siku kadhaa kule Maasai Mara, yaliyoanza mwaka 2021.

Sasa pima tairi ya Phoenix. Imeandikwa 28 × 1½, yaani upana wa karibu milimita 40. Ni upana ule ule anaoununua kijana wa mbio za changarawe kwa bei ya ng'ombe. Kwa hiyo Phoenix ya mzee imekuwa ikifanya kazi hii tangu kabla haijapewa jina. Inapokosa ni kwenye breki: zile za vyuma zinazobana rimu, rimu ikilowa, zinateleza tu. Kwenye mteremko wa kuingia mtoni shuka uikokote. Gia ni moja, lakini Rau ni tambarare, hutalia sana.

Baiskeli ya milimani ya mtumba, zile zinazopangwa barabarani zikiwa na stika za Kijerumani au Kiholanzi, inafaa kabisa. Ukinunua, zungusha pedali kinyumenyume usikilize, kisha shika gurudumu la mbele ulitikise kulia na kushoto. Likicheza, beringi zimeisha, na hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei.

Nijaze upepo kiasi gani?

Hili ndilo swali ambalo watu hawaliulizi mpaka waanguke. Ukimwambia fundi wa pembeni ya barabara akujazie, atajaza mpaka tairi iwe ngumu kama jiwe, kwa sababu wateja wake wanabeba magunia. Tairi ya namna hiyo ikikanyaga mzizi uliolowa inaruka, na wewe unaruka nayo.

Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi ya milimita 40 yenye tyubu, anzia psi 35 mbele na 40 nyuma. Kukiwa na unyevu, punguza tatu au nne. Usishuke sana kama una tyubu, kwa maana ukigonga jiwe rimu itaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili kwa mpigo. Wenye tyubulesi, yaani tairi zisizo na tyubu, wanaweza kushuka hadi chini ya 30 bila wasiwasi. Huna kipimo? Bonyeza juu ya tairi kwa kidole gumba: iingie kidogo, isikatae, na isilegee.

Mbigili ni tatizo la barabara za mashambani kuliko msituni, hasa kiangazi. Beba tyubu ya akiba, viraka, gundi na pampu. Usitegemee kwamba fundi yuko karibu. Mafundi wako mjini na vijijini, na wewe utatoboka katikati.

Mvua ikinikuta katikati ya mashamba?

Simama. Sisemi ujikinge, maana kulowa si tatizo. Simama ufikirie njia ya kurudi.

Changarawe iliyoshindiliwa inapitika hata mvua ikinyesha. Ndani ya msitu nako, udongo wenye majani yaliyooza unavumilia. Adui ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi wa tambarare. Ukiwa mkavu ni mgumu na una nyufa. Ukinyeshewa dakika kumi, unaanza kujizungushia kwenye tairi. Unapanda mpaka kwenye uma, unajaza nafasi kati ya tairi na fremu, unakamata majani, na gurudumu linagoma kuzunguka. Hapo ukilazimisha pedali, kile kipande kinachobeba gia za nyuma kinavutwa kwenye spoku na kuvunjika. Spea yake hutaipata Chekereni.

Kwa hiyo: ukiona tope limeanza kunata, usiendeshe hata mita moja zaidi. Beba baiskeli begani, au ipitishe pembeni kwenye majani huku ukitembea. Kijiti cha kukwangua tope kiokote mapema, kabla hujakihitaji. Mafuta ya kupikia yakipakwa chini ya fremu kabla ya safari yanasaidia kidogo tope lisigande. Wapo wanaoapa kwamba yanafanya maajabu, mimi nasema kidogo.

Na usipite kwenye kingo za majaruba kutafuta pakavu. Ule ukingo ndio unaozuia maji ya mtu. Tairi likichimba mfereji mdogo tu, maji yanahama usiku kwenda kwa jirani, asubuhi kuna kesi, na wewe umeshafika Arusha unaoga.

Miezi gani ni mizuri?

Juni hadi Oktoba, kisha Januari na Februari kama unavumilia joto. Masika ya Machi hadi Mei yaache yapite. Vuli ya Novemba na Desemba ni bahati nasibu: wiki moja unakuta pazuri sana, wiki nyingine unabeba baiskeli.

Saa nzuri ni kumi na mbili asubuhi. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huonekana vizuri mapema, na saa nne ikifika mara nyingi kimeshajifunika. Mashambani hakuna kivuli, kwa hiyo anzia huko kukiwa na ubaridi, umalizie msituni jua likiwa kali. Wengi hufanya kinyume kwa sababu msitu ndio uko karibu na mji.

Nahitaji kibali?

Ndiyo. Rau ni hifadhi ya msitu chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kuna kiingilio, na kiwango cha raia si sawa na cha mgeni. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, si kwa kumkabidhi mtu noti njiani. Risiti ibaki mfukoni au kwenye simu. Viwango hubadilika, kwa hiyo ulizia ofisini kabla ya siku yenyewe. Mashambani hakuna geti, lakini kuna wenyewe. Salamu ndiyo kiingilio.

Kuchukua mwongoza njia si lazima kwa mwenyeji anayejua njia. Kwa mgeni napendekeza. Vijia vinafanana, na vijana wa pale wanajua kila daraja la mti lililooza.

Tutaona nini msituni?

Mbega, karibu kila mara. Ni wale weusi wenye mabega meupe na mkia mrefu mweupe kama ufagio. Utawasikia kwanza majani yakipasuka juu, kisha ukitulia utaona mikia inaning'inia. Wanakula majani, hawana kidole gumba, na hawana haja na ndizi yako. Kima wapo pia, na hao wana haja nayo, kwa hiyo mkoba ufungwe.

Ndege ni wengi mno kuorodhesha: hondohondo kwenye miti mikubwa, mdiria karibu na mifereji, yangeyange wakiandamana nyuma ya pawatila. Kenge huota jua njiani, na ukimkaribia atajitupa majini kwa kishindo kitakachokushtua wewe kuliko yeye. Nyoka wapo, kama msitu wowote. Wengi hukimbia wakisikia mtikisiko. Unaposhuka, tazama unapokanyaga, basi.

Wageni wengi huletwa kuona mvule mkubwa, na ni kweli unastahili kuegesha baiskeli na kuinua shingo. Mimi ningekuomba uulizie pia mti uitwao msoo. Huu kitaalamu huitwa *Oxystigma msoo*, na umerekodiwa sehemu chache sana duniani, Rau na Kahe zikiwamo. Hauna bango wala watu wanaoupiga picha.

Nikikutana na watu wenye mizigo nani apishe?

Wewe. Hapa hakuna mjadala.

Asubuhi utakutana na baiskeli inayokuja kama kichaka kinachotembea. Ni majani ya ng'ombe. Huko juu mlimani watu wanafugia bandani, malisho ni machache, kwa hiyo majani hukatwa tambarare na kupandishwa. Mwenye baiskeli humwoni. Unaona miguu miwili upande mmoja, na mkono ulioshika fimbo iliyofungwa kwenye usukani ili aweze kuikokota kwa pembeni. Haoni njia zaidi ya mita chache, na akisimama kwenye kilima hawezi kuanza tena bila kusukumwa. Ukimsimamisha kwa kengele umemuumiza. Toka njiani mapema, na kama ni kilima, weka baiskeli yako chini umsukume mpaka juu. Atakushukuru bila kugeuka.

Wazee unawasalimia shikamoo hata kama unahema. Anayepita kimya kwa kasi, amevaa miwani ya rangi, anakumbukwa, na si kwa wema.

Naweza kuoga mtoni au kunawa kwenye mfereji?

Hapana. Konokono wanaobeba kichocho wanapenda maji yaliyotulia au yanayokwenda polepole, na mifereji ya mpunga iko hivyo hivyo. Minyoo hupenya kwenye ngozi ukiwa ndani ya maji. Huhitaji kuyanywa wala kuwa na kidonda. Ukilowa miguu kwa kuvuka, ikaushe kwa taulo mara moja. Ukikaa majini muda mrefu, nenda hospitali baada ya wiki sita hivi ukapime. Dawa ipo, ni prazikwanteli, na inatibu.

Malaria nayo ni ya kweli maeneo ya mpunga. Mbu wanaoieneza huuma kuanzia jioni hadi alfajiri, kwa hiyo panga uwe umeshatoka mashambani kabla ya magharibi. Ukikawia, suruali ndefu na dawa ya kujipaka.

Nina usalama gani nikiwa peke yangu, au nikiwa mwanamke?

Wanawake wa vijiji vya jirani hupita humo kila siku kwenda shamba. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza nenda na mwenzako, mwambie mtu wa nyumbani utarudi saa ngapi, na usioneshe simu ya bei kubwa kwenye usukani unapotoka mjini. Hatari iliyo karibu zaidi ni kuteguka mguu mahali ambapo gari haliingii.

Watoto je?

Wanaoweza kuendesha saa moja bila kuomba soda waje. Kofia ngumu ni lazima, hata kwa babu yao. Kwenye tuta la mfereji mkubwa washuke watembee.

Kwa nini nisiende Momella au Duluti?

Nenda. Ni vitu tofauti. Momella iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kuna nyati na twiga, maji ya maziwa yake yana magadi, na heroe huja. Baiskeli humo huendeshwa kwa utaratibu wa TANAPA na askari mwenye bunduki, na gharama ni ya hifadhi ya taifa. Duluti, pale Tengeru, ni ziwa la kreta lenye msitu mdogo na njia fupi. Linafaa kwa kutembea na kula samaki kuliko kwa baiskeli.

Chemchemi ya Chemka ninaulizwa pia. Maji yake ni mazuri, lakini barabara ya kutoka Boma Ng'ombe ni vumbi na magari ya watalii yanafukuzana. Haihusiani na ukurasa huu.

Rau ni eneo la Ramsar?

Hapana. Tanzania ina maeneo manne kwenye orodha hiyo ya kimataifa ya ardhi oevu: Malagarasi-Muyovozi, Bonde la Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Lakini sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na sheria hiyo inaigusa Rau kila upande. Kwa hiyo usiwashe moto, usioshe baiskeli kwenye chemchemi, na takataka zako urudi nazo.

Nikirudi, naisafishaje?

Ndoo na brashi, kabla tope halijakauka. Pale pa kuoshea magari wanafukuza tope haraka, lakini mpira wao wa presha ukielekezwa kwenye ekseli unasukuma maji ndani ya beringi na kutoa grisi. Mwambie kijana aoshe tairi na fremu, katikati ya gurudumu akuachie mwenyewe. Cheni ikauke ndipo uweke oili mpya, matone machache. Oili chafu ya gari ni ya bure, na mwisho wake ni cheni iliyolika, kwa sababu inashika mchanga wote wa njia.

Natoka Arusha. Baiskeli itafikaje?

Kwa basi. Usiendeshe barabara kuu ya Arusha–Moshi. Ni kama kilomita 80 za malori na Coaster zinazokimbizana, na pembeni hakuna nafasi ya kuaminika. Stendi, zungumza na kondakta mwenyewe kabla wapiga debe hawajaanza kukupangia bei, mkubaliane nauli ya mzigo. Toa gurudumu la mbele, geuza usukani ulale, funga cheni kwa gazeti isichafue mizigo ya watu. Kama inapanda juu ya keria, panda nayo uifunge mwenyewe kwa mpira wako, gia zikiwa upande wa juu.